Walivyomgawa Ratemo

Benchi letu liko Keroka, kati ya duka la kompyuta na vifaa vya umeme la akina Shashikant na ukuta wa choo cha soko, pale malori ya Kericho yanapopunguza mwendo ili yatupulizie moshi vizuri. Mbao yake moja ililegea zamani, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyundo, kila anayebanwa makalio hunilaani mimi. Ni fundi viatu, wananiita Soli. Orpah anauza kahawa ya tangawizi kutoka kwa birika lake jeusi, na wateja wake wa asubuhi ni walewale. Kuna Waziri, ambaye jina lake la kanisani ni Thadeus, mtunza stoo wa chuo cha ufundi kilicho juu ya soko. Kuna Kebo, yaani Ishan, kijana wa Shashikant, aliyezaliwa hapahapa na anayetukana kwa Ekegusii kutushinda sisi wenyewe. Na kuna Masese, tunayemwita Seva, kwa sababu anaangalia kompyuta za chuo. Asubuhi hiyo ya Alhamisi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole, na Masese alikuja amevaa koti la marehemu.

Koti lenyewe nililijua. Lilikuwa la Ratemo, bosi wake Masese pale chuoni. Viatu alivyovaa Waziri navyo vilikuwa vya Ratemo. Kile cha kulia nilikishona mimi ncha yote. Baada ya mazishi kule Ekerenyo, familia iligawa nguo zake na wenzake wa kazini wakapewa fungu lao, kama inavyofanywa. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuja waliporudi ofisini na kuendelea kugawa.

Orpah: Seva, kunywa. Inapoa hiyo.

Masese: Haipiti, mama.

Orpah: Kwani amefika wapi?

Masese: Ametoka Ekerenyo. Ameniandikia yuko kwa boda, na mtoto amembeba.

Waziri: Na hii baridi? Si angengoja jua litoke kidogo.

Masese: Sabato ni keshokutwa, Waziri. Angoje jua gani?

Aliyekuwa anakuja ni Nyanchera, mjane wa Ratemo, na alichokuwa anakuja kuchukua ni jina la mtoto wake. Ratemo aliugua koo mke wake akiwa mjamzito. Mama yake Ratemo ni mkali wa mambo ya zamani, na alikataa kabisa jina la mtoto ambaye hajazaliwa litajwe ndani ya boma. Basi Ratemo, alipoona sauti inaanza kumkimbia, akawa anajifungia stoo ya chuo wakati wenzake wanakula, akiongea na mashine nayo inanasa sauti. Alimsimulia mtoto wake hadithi. Akamwachia majina mawili, moja kama ni mvulana, lingine kama ni msichana. Alimwambia mkewe: kila kitu nimeweka kwa seva, simu huibwa na nyumba huungua, lakini seva niliijenga mimi mwenyewe. Baadaye sauti ilikwisha, na yeye akaifuata. Mtoto alizaliwa msichana. Jumamosi hiyo alikuwa awekwe wakfu mbele ya kanisa, na mpaka siku hiyo alikuwa anaitwa Mtoto.

Na hilo jina halikuwepo tena. Masese, Waziri na Kebo walijua, na asubuhi hiyo walikuwa wametuambia mimi na Orpah kwamba limefutwa. Nyanchera ndiye hakujua.

Mimi: Hebu nielezeni pole pole, kama mnaeleza mtu wa viatu. Hiyo seva ni nini?

Masese: Ni kompyuta tu, Soli, lakini haina mtu anakaa mbele yake. Iko stoo. Kazi zote za chuo ziko ndani yake, mitihani, mishahara, picha, kila kitu. Watu wako ofisini mwao wanafungua kutoka huko.

Mimi: Yaani ghala.

Masese: Ghala na bawabu wake. Kwa sababu ndani pia kuna majina ya watu wote. Ukiandika jina yako na paswadi, inakujua. Inajua huyu ni mwalimu, afungue mitihani, asione mishahara. Huyu ni mhasibu, aone mishahara, asiguse mitihani.

Mimi: Na nani anamwambia bawabu?

Masese: Msimamizi. Mmoja tu. Alikuwa Ratemo.

Mimi: Sasa alipokufa si ungeshika wewe? Wewe ndiye ulikuwa chini yake.

Masese aliniangalia kama nimemtemea mate.

Masese: Soli, wewe ni mtu wa huku ama ni mgeni? Mtu afe leo, na kesho mimi kijana wake nikalie kiti chake, nishike funguo zake zote? Hapa sokoni wangesema nini?

Orpah: Wangesema ulimroga.

Masese: Haya basi. Umesikia mwenyewe.

Nimekaa kwa hili benchi nikasikia watu wazima, wenye vyeti ukutani, wakiulizana kwa sauti ya chini nani alifaidika na kifo cha nani. Nilichukia kusikia, lakini sikuwahi kunyanyuka nikaondoka.

Waziri: Hata Mkuu wa Chuo, Bwana Angwenyi, aliogopa hiyo maneno. Akaita mkutano. Tukaomba. Akasema, jamani, hii mamlaka ya ndugu yetu ni kubwa, tusimwachie mtu mmoja ikamletea mdomo. Tugawe.

Kebo: Waligawa msimamizi kama koti! Nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni kuniangalia.

Waziri: Wewe cheka. Hakuna mtu alitoka pale akinung'unika. Mimi nikapewa kuongeza majina na kuondoa.

Mimi: Wewe? Kwa nini wewe?

Waziri: Si natunza stoo? Na seva inakaa wapi? Sekretari akapewa nafasi, aamue nani aweke vitu kiasi gani. Mpishi akapewa printa.

Kebo: Printa, mpishi!

Waziri: Anaamka mapema kuliko sisi wote. Dereva akapewa intaneti.

Mimi: Dereva na intaneti wapi na wapi?

Waziri: Anajua njia, bana. Na Seva hapa akapewa bakap.

Masese: Nakala. Ile ya kuokoa watu siku mambo yakiharibika.

Alisema hivyo akitazama kahawa yake. Nilimhurumia. Pia nilitaka kumzaba kofi.

Mimi: Na nani alifuta?

Lori la mbao lilipita, likatufunika, likaenda zake. Moshi ulipotawanyika, Waziri alikuwa anaangalia viatu.

Waziri: Ni mimi. Lakini sikia, Soli. Kila asubuhi ukiwasha, mashine inaandika ni nani yuko ndani. Wa kwanza: Ratemo. Kila siku. Tumetoka kumzika, tumeimba, tumekula, na bado anaingia kazini kabla yetu.

Masese: Ni kompyuta yake tu ilikuwa imeachwa wazi. Hakuna mtu alikuwa ameifunga.

Waziri: Mimi ningejuaje? Sekretari alikataa kuingia ofisi. Alikuwa anachapa barua kwa veranda! Mpishi anasema amesikia kukohoa. Nikaona, huyu mtu tunamzuia. Haki ya Mungu, nilifanya kwa upendo. Nikatafuta jina lake, nikaondoa, apumzike. Mashine ikaniuliza: na vitu vyake pia? Nikajiambia, nguo tumegawa, viatu ndiyo hivi navaa, vitu gani vimebaki? Nikasema ndiyo.

Orpah: Uuwi, Thadeus.

Waziri: Ndiyo nasema nilifanya kwa upendo!

Mimi: Lakini kulikuwa na hiyo nakala.

Masese: Ilikuwa, ee. Ratemo alikuwa anaweka za zamani pia, ya wiki hii, ya mwezi uliopita, kwa diski tofauti. Sikuelewa mbona anajaza diski na vitu vya kujirudia. Nilipopewa bakap nikasafisha. Nikaipanga ifanane na seva kila asubuhi. Kwa hivyo Waziri alipofuta, asubuhi nakala ikaangalia seva, ikaona folda ya Ratemo haipo, na yenyewe ikafuta. Ikaniandikia: kazi imekamilika vizuri.

Kebo: Na sekretari akaona kuna nafasi.

Masese: Akawapa kwaya ya chuo. Wakaweka video zao. Juu yake. Pale pale.

Hapo nilielewa hata mimi wa viatu. Soli ikitoka unaweza kuirudisha, lakini ngozi ikikatwa ikashonwa mkoba, hakuna fundi wa kukurudishia kiatu. Niliwaambia hivyo, na hakuna aliyefurahi.

Orpah: Na wewe Kebo, si ulisema kuna kifaa cha kuchimbua vitu vilivyofutwa?

Kebo: Nimechimba, Mama Orpah. Nimelala na hiyo diski dukani. Nimepata kwaya. Nikichimba chini, kwaya. Chini zaidi, kwaya wakifanya mazoezi.

Orpah: Yake hata moja hukupata?

Kebo alitoa flashi ndogo nyekundu mfukoni, akaiweka kwenye kiganja, akaifunika tena haraka kama watu wanaweza kuipokonya.

Kebo: Kipande kimoja. Kifupi sana. Kiti kinavutwa. Halafu anakohoa.

Orpah: Na baada ya kukohoa?

Kebo: Hakuna. Anakohoa tu.

Sitasema nilihisi nini, isipokuwa kwamba nilipiga msumari kwenye kisigino cha mtu ambaye hakuwa ameomba msumari. Halafu Waziri, ambaye hawezi kuvumilia kimya hata kanisani, akaanza.

Waziri: Tumwambie seva iliibwa.

Kebo: Si ataiona? Iko stoo, inanguruma.

Waziri: Basi iibwe. Binamu yangu ana gari, Probox. Dakika kidogo tu, iko Sotik.

Masese: Uibe seva ya serikali kwa sababu ulifuta folda?

Waziri: Kuibiwa mtu hana lawama! Anapewa pole!

Orpah: Acha ujinga. Mimi naona hivi. Ratemo si ana kaka, Ogoti? Si sauti yao ni moja? Akipiga simu hapa mimi nilikuwa nachanganya. Mumwite, mumpe soda, aongee kwa mashine. Aseme, mwanangu, mimi ni baba yako.

Masese: Mama!

Orpah: Mtoto atajua nini?

Masese: Mama yake atajua. Akisikia neno moja tu.

Orpah: Atajua, na atanyamaza. Mwanamke anaweza kutaka kitu mpaka anyamaze.

Hilo lilinitisha kuliko wizi wa Waziri, kwa sababu lilikuwa na akili ndani yake.

Waziri: Ama tuseme sauti ipo, lakini iko kwa serikali. Serikali husikiza kila mtu, si mnajua? Hata saa hii. Kwa hivyo huko Nairobi lazima wako nayo. Tuandike barua, Bwana Angwenyi apige muhuri, tuombe watupatie nakala yetu.

Kebo: Aliongea na kompyuta iliyofungiwa stoo, Waziri. Hakupigia mtu simu.

Waziri: Na waya? Si sauti ilipita kwa waya? Waya ziko darini mpaka leo, hakuna mtu amezisafisha. Tuzishushe, tuzilete kwako uangalie kilichobaki ndani.

Kebo: Waziri, waya si mrija wa maziwa.

Waziri: Wewe unauza hizo waya na huwezi kuniambia ndani kuna nini!

Kebo alimtukana kwa Ekegusii, tusi refu. Waziri hakujali.

Waziri: Basi rahisi kabisa. Tuchague jina. Sisi ndio tulikuwa marafiki zake, tunajua alipenda nini. Tukae hapa, tukubaliane, akifika tumwambie: tuliskiza, alisema hivi. Seva imeharibika baadaye, lakini jina tulishika kwa kichwa.

Hakuna aliyemtukana. Hapo ndipo nilijua tumefika pabaya.

Orpah: Sharon ni jina zuri.

Kebo: Alimpenda sana shangazi yake wa Nyamira. Anaitwaje yule?

Orpah: Lorna.

Waziri: Kama angekuwa mvulana ningesema Thadeus.

Orpah: Lorna ni zuri. Lorna Ratemo. Nani atajua?

Masese: Mimi nitajua.

Alisimama. Koti lilikuwa kubwa kwake mabegani, mikono ilimfika kwenye vidole.

Masese: Kila nikimwona huyo mtoto akiitwa, nitajua ni jina tulichagua hapa kando ya choo. Atakuja chuo, tuseme. Nitamwandika kwa seva. Nitaandika hilo jina na mikono yangu. Yaya, hapana. Siwezi.

Waziri: Basi utamwambia nini? Sema wewe.

Masese: Sijui, Waziri. Nilimwambia kwa matanga, shemeji, usijali, iko salama. Nilikuwa hata sijaangalia.

Boda ilisimama kando ya barabara kabla mtu hajamjibu. Nyanchera alishuka, akalipa, akatengeneza leso aliyombebea mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya mazishi. Amekonda. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, kama inavyotakiwa, na kwangu akasema pole na kazi. Orpah alimpisha kwenye mbao isiyolegea, akapindua birika. Kikatoka kikombe nusu, kilichobaki ni tangawizi iliyogandamana chini.

Orpah: Pokea, mama. Ndiyo imebaki.

Nyanchera: Asante. Masese, hilo koti limekukaa. Nilifikiri litakushinda.

Masese: Asante, shemeji.

Nyanchera: Na wewe Thadeus, viatu haviumi?

Waziri: Haviumi, mama. Kabisa.

Nyanchera: Yeye vilikuwa vinamuuma. Mlisema nikuje hapa kwanza, si chuoni. Kuna nini?

Masese alimweleza. Ninamkasirikia kijana huyo mpaka leo, lakini nitasema ukweli wake: hakuficha kitu. Alisimama mbele ya yule mwanamke akaeleza mkutano, maombi, jinsi walivyoogopa mdomo wa watu, jinsi walivyogawa. Alieleza jina lililokuwa linatokea la kwanza kila asubuhi. Akaeleza nakala yake na kwaya. Waziri alijaribu kuingilia mara moja kusema ilikuwa kwa upendo, Orpah akamkanyaga kiatu, kile cha kulia. Kebo alitoa flashi, akaishika hewani, hakujua ampe au asimpe, mwishowe akaiweka kwenye benchi kati yao, na hakusema ndani yake kuna nini. Nyanchera hakuigusa.

Hakulia. Ningependa angelia, tungejua la kufanya. Watu wa huku wanajua kuliliana. Alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akafuta mdomo wa kikombe na kidole, akamrudishia Orpah. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kuelewa mambo yalivyopangwa.

Nyanchera: Kwa hivyo kila mtu alipata kitu.

Masese: Ndiyo, shemeji.

Nyanchera: Thadeus akapata majina. Sekretari nafasi. Mpishi hiyo printa. Wewe nakala.

Masese: Ndiyo.

Nyanchera: Hata dereva.

Waziri: Hata dereva, mama. Hatukumwacha mtu.

Nyanchera: Sasa huyu mtoto, mlimwekea fungu gani?

Masese alimwangalia Waziri. Waziri alimwangalia Kebo, Kebo akaniangalia mimi ambaye hata sifanyi kazi kule. Nyanchera alitungoja. Alitungoja kwa adabu, mikono magotini, akiangalia uso wa huyu kisha wa yule, kama mtu aliye kwenye foleni anayejua zamu yake itafika.

Mtoto ndiye aliyechoka kwanza. Aliamka mgongoni, akanyoosha mguu mmoja nje ya leso, akaanza kulia kwa nguvu kuliko kimo chake. Orpah aliruka, akampokea, akamweka begani, akaanza kumpigapiga mgongo na kuzunguka naye mbele ya benchi.

Orpah: Nyamaza. Nyamaza, mama. Nyamaza...

Alisimama hapo na mtoto begani, akatugeukia mmoja baada ya mwingine, akingoja tumpe jina la kumwita.